Baba Aliuitaje Wimbo Ule?

Kambi ya Wafanyakazi,
Al Quoz, Dubai.
16 Novemba 2014.

Mpendwa Senge Jecinta,

Mulembe, senge. Goti limeacha kukusumbua? Mvua ya Kakamega imewaachia mahindi? Mimi ni mzima wa mwili. Roho bado, tangu mlipomzika baba, kaka yako Ignatius, bila mimi. Pasipoti ilikuwa kwa kafeel, tajiri anayenidhamini huku, na kafeel alikuwa safarini. Siku ile nililia nikipanga vikombe.

Sasa sikia. Katika hoteli ninakohudumu, kila Ijumaa mchana Waayalandi fulani huja na fidla na filimbi, wakapiga nyimbo za ngoma za kwao. Juzi walianza mmoja, nikaweka sinia chini. Ulikuwa ule ule wa baba, aliofundishwa na padri wa misheni, aliokuwa akiupiga kwa kinanda cha mdomo akishakamua ng'ombe.

Walipopumzika nilimuuliza mzee wa fidla unaitwaje. Akacheka. Yeye anauita Ndoo ya Mjane. Wa filimbi akakataa, kwao ni Majani Yamelowa. Wa tatu alikuwa na jina lake, la mlima wa kwao. Mzee akasema hakuna aliyekosea: kila kijiji kiliupokea kikaubatiza, na ukisahau jina unautaja kwa jina la aliyekupa.

Akatoa daftari anamoandika majina yote ya wimbo huo. "Na kwenu mnauitaje, rafiki?" Nikamwambia mama huuita Wa Kupepeta, na sisi watoto tuliuita Wa Chai, maana baba akiumaliza alitaka chai. Akaandika yote mawili. "Na baba yako?" Senge, niliona haya. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa nane, baba akiwa kitandani, alitaka kunipigia wimbo ule kwenye simu. Nikamwambia, "Baba, kadi inakwisha, uweke mpaka Krismasi." Akasema sawa. Tukaongea habari za ndama, simu ikakatika. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja mapema na hataki kuondoka.

Wewe ndiye uliyekuwa naye misheni alipojifunza, na hajabaki mwingine wa kuuliza. Aliuitaje? Mzee ameacha mstari mmoja wazi. Kama hujui, nakuomba usinitungie jina la kunifariji. Niambie tu hujui, nami nitamwambia aandike Ignatius.

Nisalimie mama, Carolyne na Gerishom. Mungu akuongezee siku, senge, hata kwa ajili ya hili tu.

Wako akupendaye na anayesubiri,
Dancan.