Niliyevuna Mashamba ya Watu

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba. Natumaini magoti yamepunguza ukorofi, na dawa unakunywa, siyo kuzipanga dirishani zipambe chumba. Mimi mzima. Macho yanaona, meno yaliyobaki yanafanya kazi, mdomo unaujua.

Nimesikia unawaambia watu kwamba dada yako kazeeka vibaya, anacheza gemu kwenye kompyuta. Ni kweli, nacheza. Tangu mjukuu wangu muuguzi ahamie kazi ya mbali, simu zetu zilikuwa za umekula, nimekula, haya kwaheri. Akanifungulia gemu la kilimo, tukawa na shamba letu wawili. Akitoka zamu tunapalilia huku tunaandikiana. Mimi nachapa kwa kidole kimoja, yeye ananingoja. Humo ndimo alimonieleza habari za yule mchumba aliyemkimbia, jambo ambalo kwenye simu hakuthubutu kulitaja. Ukitaka kucheka, cheka umalize, kisha endelea kusoma.

Basi gemu lile lina mashamba ya watu wengi, jirani kwa jirani, na ukumbi wa kuandikiana. Siku moja nikaona nyanya za jirani zimeiva mpaka zinaanza kuoza, mwenyewe haonekani. Wewe unanijua. Nikaingia, nikavuna, nikazipanga ghalani mwake. Nikapita kwa wa pili, nikamvunia mahindi. Kwa wa tatu nikakuta magugu, nikang'oa yote. Kumbe yalikuwa maua yake ya mashindano.

Niliitwa mwizi! Mimi! Ukumbi mzima ulinivaa. Mmoja akasema mimi ni mtoto mtukutu ninayejifanya bibi. Mwingine akataka nifungiwe nisiingie tena maishani. Nikawajibu kwamba mama zao waliwalea vibaya, na mengine ambayo kwenye karatasi siyaandiki. Hapo ndipo nilipomwaga petroli motoni. Mjukuu wangu akaniambia kwamba nikifungiwa kabisa, shamba letu linafutwa, kwa kuwa liko kwa jina langu. Nikazima kompyuta, nikakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Kelele za watoto wale sikuziogopa. Niliogopa kurudi kwenye umekula, nimekula.

Sasa, pale ukumbini kuna msimamizi, wanamwita Kifagio. Kazi yake ni kufagia matusi na kuamua ugomvi, na anaifanya kwa kujitolea tu. Yeye hakupiga kelele. Aliniandikia faraghani akaniuliza nilikuwa nataka kufanya nini. Tangu nizeeke, watu hunieleza nilichofanya, huyu aliniuliza. Nikamwambia kwamba ukiona cha jirani kinaharibika na mwenyewe hayupo, unakiokoa, basi. Akaenda kukagua maghala, akakuta kila nyanya na kila hindi mahali pake. Akarudi ukumbini akawauliza ni mwizi gani anayempangia mali aliyemwibia.

Kisha akanigeukia mimi! Akanifungia siku chache kwa ajili ya yale matusi, na akaniagiza nimwombe radhi mwenye maua. Nikamwambia hana adabu kwa mtu mzima. Akajibu kwamba mvi zangu anaziheshimu, ila matusi ni matusi. Nikaomba radhi, nilikuwa na la kufanya? Leo mwenye maua akisafiri ananiachia mimi shamba lake. Na Kifagio ametoa tangazo kwamba asiyetaka kuvuniwa na Bibi aweke kibao mlangoni. Wengi hawakuweka, wavivu wale.

Nilipomwandikia kumshukuru, nilimwambia kwamba mama aliyemzaa kapata mtu. Akaandika: asante, Mama Mkubwa.

Mdogo wangu, humo ndani wote huniita Bibi. Wa kuniita Mama Mkubwa duniani ni mmoja tu, kwa sababu wewe ulizaa mmoja tu. Nikambana, akakiri. Ndiye aliyemfundisha mjukuu wangu gemu lile, na mimi alinitambua tangu tusi la kwanza.

Ndiyo, binti yako. Yule uliyemwambia kompyuta imemla ubongo, hajui kuishi na watu, mpaka akabeba begi lake akaondoka. Mchana anakata vioo kwenye duka la miwani. Jioni anapatanisha watu ambao hata hawajawahi kuonana, na wanamsikiliza. Mimi na wewe ugomvi wa shemeji na jirani yake juu ya ule ukuta wa mpakani umetushinda mpaka leo.

Aliniomba nisikwambie. Nimekwambia, na anifungie tena akitaka. Namba yake ni ile ile. Anasema hakuibadilisha asije akaikosa simu yako. Piga. Ila usianze kumweleza alichofanya. Muulize.

Nisalimie wote hapo nyumbani, hata huyo paka wako mdokozi. Barua ikikuudhi, ikunje uisome tena kesho.

Ni mimi dada yako,
mwenye shamba.