Mpaka Mtu Aseme "Imeingia"

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usichelewe, maana Jumamosi kaka yangu anakwenda dukani kununua kamera na mimi na yeye hatujasemezana tangu Jumapili kwa sababu ya kamera hiyo hiyo, yeye anataka ya video, mimi nataka ya picha za kawaida, hizi za dijitali zinazoingia mfukoni, na mchango wetu watoto wote watatu unatosha moja tu, na mdogo wetu wa kike ambaye ndiye angekata shauri anasema yeye yuko upande wa mama, na mama anasema yeye hana upande.

Nikueleze kidogo kuhusu nyumba yetu, la sivyo utatuona watu wa ajabu. Marehemu baba alikuwa na studio ya picha katika chumba cha mbele, na alikuwa mtu asiyependa kupoteza filamu, kwa hiyo alitulea hivi: ukisimama mbele ya kamera unapangwa kwa urefu, unashusha mikono, unafunga mdomo, unapumua kwa pua, na hutikisiki mpaka yeye mwenyewe aseme "Imeingia." Akishasema "Imeingia" ndipo unaruhusiwa kuwa mtu tena. Mdogo wangu aliwahi kung'atwa na siafu akiwa amesimama, na ukiitazama picha ile leo huwezi kujua. Ukutani tuna picha thelathini na mbili na hakuna hata moja ambayo mtu amefumba macho. Mimi, binti yake mkubwa, nikarithi kazi, niko kwenye ofisi ya picha za pasipoti na vitambulisho, miaka kumi na tisa sasa nawaambia watu wafunge midomo.

Sasa mama. Mama yangu, mshauri, ni mtu wa maneno, na sisemi kwa ubaya. Asubuhi anaanza na sufuria, anaiuliza jana ilikuwa wapi. Msomaji wa habari akisoma habari redioni, mama anamjibu, "Wewe naye, juzi ulisema vingine." Akitaka kuniita mimi anaanza na kaka, anapita kwa mdogo wangu, anamtaja marehemu baba, ndipo ananifikia, na nisipoitika haraka anaanza upya. Basi mwezi uliopita koo likawa linamsumbua, tukaenda hospitali, akapimwa na kupimwa, daktari akasema ni lazima apasuliwe, akasema atapona, ila kuhusu sauti hawezi kuahidi kitu na sisi tujiandae. Tarehe imeshatoka, zimebaki wiki tano. Mama alitoka mle chumbani akafunga mkoba wake akasema, "Haya, mtapumzika." Toka siku hiyo hakuna aliyelitaja tena jambo hilo nyumbani. Kamera yenyewe tumemwambia ni kwa ajili ya wajukuu.

Kaka anasema kamera ya video itachukua sauti, na ukitaka picha inapiga pia. Mimi nikamwambia picha za kamera ya video zina ukungu, mimi ndiye mtu wa picha katika nyumba hii, huwezi kuzikuza ukaziweka ukutani pamoja na zile za baba, ni aibu. Akaniambia nina kichwa kigumu. Nikamwambia na yeye hana hata kichwa kigumu. Hapo mdogo wetu akasema tuazime kwanza ya mtu tujaribu, tuache kelele.

Kaka akaazima kwa rafiki yake anayerekodi harusi, ile ya kanda ndogo. Jumapili tukakusanyika sebuleni, mama kwenye kiti katikati, mikono magotini, kaka wa kwanza kushoto, mimi wa pili, mdogo wangu upande wa pili, watoto wawili wa kaka mbele. Kaka akaiweka kamera juu ya stendi, akabonyeza kitufe chekundu, akakimbia mahali pake, akafunga mdomo. Tukasimama. Mshauri, tulisimama dakika kumi na moja. Najua kwa sababu saa ya ukutani inaonekana, video inaanza saa kumi na dakika tano na inaisha saa kumi na dakika kumi na sita, na katikati hakuna kinachotokea isipokuwa nzi mmoja aliyetua kwenye paji la uso la kaka, akatembea, akaondoka kwa hiari yake. Sauti ni ya friji tu. Mtoto wa kaka wa miaka minne hakutikisika, nilijivunia kweli. Kila mtu alikuwa anasubiri mwenye kamera aseme, na mwenye kamera amesimama nasi anasubiri. Mwishoni mama akasema, bila kufungua meno, "Baba yenu angekuwa ameshasema." Kaka akauliza, "Kusema nini?" Basi wote tukapumua, akaenda kuizima.

Nikamwambia kaka, si unaona, video haitufai sisi, tungepiga picha moja tukaenda kunywa chai. Tukairudisha kamera na kanda yake, maana haina kitu, ni sisi tumesimama tu, na mwenyewe akasema sawa, atarekodi juu yake harusi ya Jumamosi.

Lakini kuna jambo sijamwambia kaka, wala mtu yeyote. Habari ya ukungu ni kweli, ila siyo sababu. Sababu ni kwamba naogopa. Nikifikiria tumekaa sebuleni, mama yupo pale kwenye kiti chake kimya, halafu kwenye televisheni mama huyo huyo anaigombeza sufuria, mimi sitaweza, nitatoka nje. Na tukinunua ya video mama atajua tunanunua kwa nini. Picha haina neno, picha ni ya kila siku, haimuagi mtu.

Nishauri, ninunue ipi?

Ni mimi,
Wa Pili Kutoka Kushoto

*

Mshauri anajibu:

Wa Pili Kutoka Kushoto, marahaba. Kabla hujasoma mstari unaofuata, weka gazeti chini, nenda kwa yule rafiki wa kaka yako ukaichukue ile kanda. Leo ni Alhamisi, harusi ni Jumamosi. Mpelekee kanda mpya asipate la kusema. Nenda, mimi nipo.

Umerudi? Haya, kaa.

Wewe mtoto, unaniandikia kurasa tatu kuhusu sauti ya mama yako, halafu unaniambia kanda haina kitu. Ina maneno manne ya mama yako. Manne! Nimeyahesabu mara mbili. Mmetumia dakika kumi na moja kuyapata, mkampa mtu ayafunike kwa matarumbeta. Hapo mwanangu mlichemsha, na wewe ndiye mtu wa picha katika nyumba hiyo.

Sasa kamera. Nunueni ya video. Hizo za mfukoni nazo hurekodi, najua, lakini kidogo kidogo, na sauti yake ni kama mtu yuko ndani ya debe. Kuhusu picha ya ukutani una haki kabisa, ya video itakuwa na ukungu. Lakini wewe kila siku unashinda na kamera nzuri kazini. Mwombe mwenye ofisi nusu saa, mpeleke mama, mpige picha moja ya maana, iwe ya thelathini na tatu. Sijui kwa nini hukulifikiria hilo. Au najua, ila ngoja.

Unasema mkinunua ya video mama atajua. Binti yangu, daktari alikuwa anaongea na nani mle chumbani? Na feni? Aliyefunga mkoba akasema "mtapumzika" ni nani? Mama yako anajua kuliko ninyi nyote. Ninyi ndio mnaomfanya abebe siri ambayo ni yake mwenyewe, tena kwa kisingizio cha wajukuu. Leo jioni kaa naye jikoni umwambie, "Mama, tunataka kubaki na sauti yako." Utalia. Lia, si jikoni kwenu? Halafu mpigie kaka yako umwombe radhi, maana alikuwa sahihi, na hilo la kichwa usilirudie.

Nimekusikia kuhusu kutoka nje. Sitakudanganya kwamba haitauma, itauma sana. Lakini siku hiyo unayoiogopa, mama atakuwa amekaa pale kwenye kiti chake, na mkono wake utakuwa pale wa kushikwa, na huenda ni yeye atakayetaka kuisikia sauti yake. Ukishindwa, toka nje, pumua, urudi. Ila hamwezi kungoja kurekodi baada ya wiki tano kwa sababu leo wewe unaogopa. Na daktari hakusema sauti itaondoka, alisema hawezi kuahidi. Ikibaki, mtakuwa na kanda nyingi za mama akiigombeza sufuria, na hiyo si hasara.

Namna ya kurekodi sasa, na hapa unisikilize vizuri kwa sababu nyinyi watu mna ugonjwa. Msipangane. Mtu yeyote asivae nguo ya kutokea. Kamera iwekwe kwenye rafu jikoni, katikati ya vikombe, iwashwe kabla mama hajaingia, na awe ameshaambiwa kwamba siku yoyote inaweza kuwa imewashwa, maana kumrekodi mtu kwa kumwibia si heshima. Fungua redio kwenye habari. Kisha muulize jambo analolijua vizuri kuliko wewe, ulivyozaliwa, baba yako alivyomposa, jirani gani alikosea nini, halafu umbishie kidogo. Mwache akuite kutoka chumba kingine, na wewe usiitike haraka, aanze upya, apite kwa kaka, kwa mdogo wako, kwa marehemu, mpaka akufikie. Hiyo ndiyo utakayoitaka kuliko zote. Kanda ikiisha, weka nyingine, na ile iliyojaa iandikwe tarehe ifungiwe kabatini, isiazimwe na mtu wa harusi.

Siku za kwanza atakaa wima, mikono magotini, amefunga mdomo. Usimkemee, alifundishwa na mtu aliyempenda. Endelea kuosha vyombo. Na akikuuliza bila kufungua meno, "Imeingia?" mwambie bado, mama. Kesho akiuliza, mwambie bado. Mwambie bado mpaka siku ya kwenda hospitali.