Krismasi ya Mleta Barua

Chatsworth, Durban
Ramadhani

Baba yangu mpendwa,

Kuna filimbi moja iliyopigwa langoni kwetu Jumanne, ndefu kuliko zote, na mpaka sasa haijanitoka masikioni. Lakini nimetanguliza habari kabla ya heshima. Shikamoo, Baba. Goti bado linakusumbua unaposujudu? Na presha ya Mama je? Mimi ni mzima, nafunga vizuri, ingawa joto la Desemba huku hunata mwilini kama nguo iliyoloa. Mitihani nimemaliza salama.

Huku barua hazingoji kwenye sanduku la posta kama kwetu, ambako ufunguo unao wewe. Huletwa mpaka mlangoni. Anayetuletea ni Bwana Ngema, Mzulu wa makamo, hupanda kilima chetu kwa miguu, mkoba begani, na penye lango lenye barua hupuliza filimbi. Mwaka mzima nikimsikia kwa jirani hutoka nje, nikajifanya naanua nguo. Akifika kwetu huitoa filimbi mdomoni. "Labda kesho, sisi," huniambia, yaani dada kwa Kizulu.

Mwisho wa mwaka watu huwapa waleta barua zawadi kwa kazi njema. Huiita Krismasi, hata sisi Waislamu. Bi Halima, mwenye nyumba niliyopanga, alibishana na mkwewe Faiza juu ya jambo hilo tukiwa jikoni tunamenya vitunguu vya futari.

"Analipwa mshahara," alisema Faiza. "Mbona mwuza mkate hatumpi?"

"Mwuza mkate unamfuata wewe. Huyu anakufuata yeye, tena kilima chote hiki."

"Basi na dereva wa taksi tumpe?"

"Dereva wa taksi tumwombee toba."

Nilikuwa upande wa Bi Halima. Nyumbani kwetu aliyetuletea barua kwa mkono alikaribishwa, akala kabla bahasha haijafunguliwa, ndivyo ulivyonilea. Na Bwana Ngema sikuwahi kumpa hata maji. Basi nikakunja noti ndani ya kadi, nikampa langoni mbele ya wenzangu. Akacheka, akausukuma mkono wangu.

"Eish, hapana, sisi! Wewe sijakuletea hata bili ya umeme. Nikuletee kwanza, ndipo nile."

Faiza alicheka mpaka akaegemea lango. Na mimi nikacheka. Hakuwa na ubaya, Baba. Ila alikuwa amelisema kwa sauti jambo ambalo nyumba nzima ililijua na kulinyamazia: kwamba mimi siandikiwi na mtu.

Kilichofuata ndicho kinachonitia haya. Nilinunua bahasha mjini, nikatia karatasi tupu, nikaandika jina langu kwa mwandiko wako, zile herufi zako za ubaoni zinazolala upande mmoja, nikaitia posta. Stempu ya hapa haikumshangaza mtu, kwani barua nyingi za kutoka kwetu hubebwa na wafanyabiashara mpaka Durban ndipo zitumwe.

Siku ya Jumanne Bwana Ngema akaipuliza ile filimbi. "Imefika! Mama, njoo, imefika!" Hakutaka kuondoka. Bi Halima akatoka na unga mikononi.

"Soma, mwanangu, hata salamu tu. Baba anasemaje?"

Nikaisoma ile karatasi tupu. Nikasema umepokea barua zangu zote. Nikasema siku uliyokwenda kurudisha posa ya watu kwa ajili yangu imeshapita, na huniwekei tena kinyongo moyoni. Nikasema unamshukuru anayepanda kilima. Bwana Ngema akavua kofia, akaipokea Krismasi yake kwa mikono miwili. "Mwambie mzee, nami namshukuru sana." Bi Halima alilia. Tangu siku hiyo alikutaja kwa jina katika dua ya kufuturu, na mimi nikawa naitikia amina.

Sikuivunja posa ile kwa kukudharau. Nilitaka kusoma, na nikaogopa kukuambia mapema. Nikanyamaza mpaka ulipokwisha kupokea mahari, ukabaki wewe wa kwenda kuinamisha kichwa kwenye ukumbi wa watu. Uliposema hakuna mtu wa nyumba yako atakayeniandikia, nilidhani nitavumilia, maana barua ni karatasi tu.

Nisalimie Mama, umwambie namwota akisuka ukili. Nisalimie dada yangu Rukia na wanawe, na Mjomba Shaabani aliyenisindikiza stendi kwa siri, usimkasirikie. Na Shangazi Mwanaasha, aliyetukanwa kwa ajili yangu na wale waliokuwa wawe wakwe zangu, mwambie namwomba radhi.

Jana, baada ya tende na maji, niliwaambia wote ukweli, na karatasi ile nikaiweka mkekani mbele yao. Faiza hakucheka. Bi Halima aliuliza tu kama aendelee kukutaja katika dua, nikamwambia aendelee. Leo asubuhi nimemwambia na Bwana Ngema. Alitaka kunirudishia zawadi yake, nikakataa katakata. Kwa hiyo, Baba, katika nyumba hii hakuna tena anayeamini kwamba umenisamehe.

Binti yako,
Zuhura