Mtihani wa Msimu wa Ndege

Mofu, Aprili 1905

Kaka Fulgensi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi hakijaniacha. Shemeji na watoto hawajambo? Mama anakusalimu, anasema umekonda huko bomani, ingawa hajakuona.

Kaka, shule yangu inanitia aibu. Padre alikuja kuwapima watoto, akakuta vigogo vya kukalia vitupu. Mpunga umeanza kukomaa, ndege wameshuka, na watoto wako mashambani juu ya madungu ya kulindia tangu alfajiri, wanapiga kelele na kurusha udongo. Wachache waliokuja walibabaisha tu, isipokuwa Verediana, binti wa Donati. Padre atarudi mwezi ujao, na wakisoma hivi tena, shule inafungwa. Wewe ni karani, bwana mkubwa anakusikiliza. Mwombe amwambie padre asubiri tuvune.

Mdogo wako,
Nikodemu

Bomani, Aprili 1905

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, kazi tu ndiyo inatuua. Mwambie mama nimenenepa.

Eti asubiri mvune! Hivi utakuwa mtu mzima lini? Kazi hiyo nilikutafutia mimi. Nikienda kusema mwalimu ameshindwa na ndege, hata wapishi watanicheka. Nimekuombea askari. Watawatoa watoto mashambani, na mzazi atakayekaidi atachapwa. Utanishukuru.

Kaka yako,
Fulgensi

Mofu, Juni 1905

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Sisi tupo.

Hongera zako. Vigogo vilijaa, watoto wakasoma, padre akapiga makofi. Mpunga umeliwa, yamebaki makapi. Donati alimficha Verediana dunguni. Askari wakamlaza Donati chini mbele ya shule, wakamchapa, darasa zima likitazama. Kisha wakaniambia niendelee na somo, nami nikaendelea. Sasa nikipita njiani watu wananyamaza. Watoto wanakuja na njaa, wanasinzia. Nakusihi, tafuta namna tusamehewe kodi mwaka huu.

Mdogo wako,
Nikodemu

Bomani, Julai 1905

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama je?

Kodi haisamehewi, usinitie matatani. Bwana mkubwa amefurahi sana na shule yako. Watu watasahau. Nasikia huko kwenu wanapeana maji ya dawa, eti risasi zitageuka maji. Waache wanywe, wewe fundisha.

Kaka yako,
Fulgensi

Bomani, Februari 1907

Mdogo wangu,

U hai? Tangu vita vianze hujanijibu hata mara moja. Nyumba yangu imesalimika, namshukuru Mungu. Mama hajambo?

Nilisikia askari walichoma maghala ya Mofu. Ilikuwa amri. Sasa kumetulia, na bwana mkubwa anaiulizia ile shule iliyofanya vizuri. Watoto wanaendeleaje na masomo?

Kaka yako,
Fulgensi

Mofu, Machi 1907

Karani,

Mama amekufa kwa njaa.

Donati alikunywa maji yale kwa uchungu wa viboko vyenu, na wengi wakamfuata. Alipigwa risasi. Askari walipokuja kulipiza hawakubakiza ghala hata moja. Tulikula mizizi ya porini mpaka ikatushinda kuichimba. Watoto ndio walitangulia.

Unauliza masomo. Padre alipita juzi kupima, akakuta mwanafunzi mmoja, Verediana. Akampa kitabu, naye akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Padre akaandika kwamba shule nzima imefaulu.

Mpelekee bwana mkubwa habari hiyo, atafurahi.

Nikodemu, mwalimu