Chupa Zilizong'aa

Jumatatu, 3 Machi

Mto ni kijani kuanzia bomba la kiwanda hadi darajani. Samaki matumbo juu — nimehesabu arobaini, nikaacha. Nimechota chupa kumi na moja. Ya kumi na mbili nimeijaza maji safi ya maabara. Hiyo ni ya kuhakiki tu, lazima isome sifuri. Agizo jipya la mkuu, kwa sababu ya shauri. Ijumaa tume inaamua kama bomba lifungwe. Ushahidi ni vipimo vyangu vya miezi minane, basi!

Kituoni mfereji wa maji umekauka tangu mwaka jana. Kituo cha kupima maji! Chupa naziosha nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Yule wa maabara, Darubini, kaniita pembeni. Chupa ya kumi na mbili ina fosfeti — kitu kilekile kinachoulisha ule ukijani. Tena tele. Eti maji haya nimeyatoa maabara au kwenye beseni la nguo? Kacheka. Mimi sikucheka.

Nyumbani nimemkuta mama uani, mikono povu tupu. Sabuni ya unga! Mimi nasuuza kwa maji matupu, kama nilivyofundishwa. Kumbe nikimaliza yeye huzirudia. Tangu lini?

"Tangu ulipoanza, mwanangu. Utapelekaje vyombo vichafu kwa wakubwa?"

Nimesoma pakiti. Fosfeti imo. Miezi minane yote.

Sikumwambia. Alikuwa ameinua moja juani, anionyeshe inavyong'aa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika mlangoni kwa mkuu mara mbili, nikarudi. Nikisema, vipimo vyote vinatupwa, bomba linabaki. Nikinyamaza, kesho naapa uongo. Na mto unakufa kweli, hata kipofu anaunusa! Lakini pua si ushahidi.

Darubini hajaijaza namba kumi na mbili kwenye fomu. Mzigo wangu huo, kasema, niutue mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Benchi la nje ya ukumbi. Naandika nikisubiri kuitwa. Mama kang'ang'ania kuja, kavaa gauni la harusi ya dada. Kando yake kakaa bwana mwenye tai, mpole. Faili lake lina jina la kiwanda. Mama hana miwani. Keshamweleza kwamba mpimaji ni mwanawe, na chupa zote kaziosha yeye, kwa mikono hii hii.

"Hongera, mama." Bwana katoa kalamu. "Sabuni gani hiyo, inayong'arisha hivyo?"

Karani ananiita ndani.