Kisima cha Ivuna Nilichokikataa

Tunduma, Alhamisi jioni. Baridi na upepo, na mimi nimeungua shingo kwa jua la Ivuna.

Niseme ukweli: kazi ya kupima maji naijua, na napenda watu wajue kwamba naijua. Jumatatu ililetwa chupa moja kutoka kisima kipya cha Ivuna. Nikayachuja maji, karatasi ya kuchujia ikabaki nyeupe, hakuna tope. Nikayakausha kwenye bakuli. Ukabaki ukoko wa chumvi wa kukwangua kwa kijiko. Nikaandika: hayafai kunywewa. Wachimbaji wangekiziba kisima Ijumaa na kuondoka zao.

Jana akanipigia Mama Rehema, mwenyekiti wa kamati yao ya maji, mpika chumvi wa miaka mingi.

"Mwanangu, chumvi ndiyo kazi yetu. Tushindwe kuijua mdomoni? Njoo unywe."

Nikamjibu kwamba ulimi si kipimo. Kwa sauti ile ya ofisini. Nikiikumbuka naona haya.

Lakini maneno yake yalinikaa. Leo alfajiri nikachukua gari la kazini, nikateremka bonde la Momba hadi Ivuna. Pale kisimani nikasuuza chupa zangu mara tatu, nikateka, nikatumbukiza kipimo cha chumvi cha mkononi. Namba ndogo. Nikarudia. Ndogo tena. Nikanywa.

Maji matamu kabisa.

Nikauliza ile chupa yao ilikuwa ya nini.

"Ya maji ya chumvi, kabla hatujayachemsha," akasema Mama Rehema. "Tuliyamwaga."

"Hamkuisuuza?"

"Tusuuze kwa maji matamu, halafu tuyamwage chini? Huku hatufanyi hivyo, mwanangu."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikaomba radhi mbele ya kamati nzima, nikampigia msimamizi wa wachimbaji asizibe kitu. Chupa nilizojaza mwenyewe ziko maabara sasa, na sina wasiwasi nazo. Kipimo changu hakikudanganya. Mimi ndiye niliyepokea chupa nisiyoijua.

Ivuna wana Mama Rehema wa kupiga simu. Daftari langu la mwaka huu lina visima vingine nilivyovikataa, na hakuna hata kimoja nilichouliza chupa yake ilitoka wapi. Nimevizungushia kalamu nyekundu. Nitavirudia vyote, kimoja kimoja, na chupa zangu mwenyewe.

Ila leo hii, ni wangapi wamekunywa maji ya dimbwi kwa sababu mimi nilisema hapana?