Taa ya Jovini na Samaki wa Wakwe

Reynoldsburg, Ohio
8 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Immaculée,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Vipi goti lako, bado linakuambia mapema siku theluji itakapoanguka? Nyinyi watu wa Buffalo mna bahati, utabiri mnao mwilini. Sisi hatujambo. Mimi tu mgongo unanisumbua kwa kuwageuza wazee kitandani kule kazini, lakini nikijichua na dawa naendelea.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Ningekupigia, ila wewe simu unaiweka spika kubwa katikati ya duka pale Grant Street, unapima mchele huku unaongea, na kabla sijakata Warundi wote wa Buffalo wanajua tumepika nini. Habari hii ni ya kaka yako Jovini, nayo haitaki spika. Isome ukiwa umekaa.

Unamjua Gaël, yule kijana Mkongo wa Louisville, mtoto wa mzee Bagula, anayemtaka Ange wetu. Wamependana, wazazi wake wameshatuma watu, kanisa zima linajua. Kilichokosekana ni siku ya kupokea mahari, kwa sababu kaka yako hataki kuitaja. Kwanza alisema ngoja Ange amalize kozi ya unesi. Akamaliza. Akasema ngoja joto lipungue, na joto lenyewe likapungua bila ubishi. Alipoishiwa sababu akala kiapo mbele ya wageni: wakwe zake hawatakula samaki wa dukani, watakula samaki aliyemshika yeye kwa mkono wake, kama marehemu baba yenu alivyowalisha wakwe zako mikeke wa ziwani ulipoolewa kule Rumonge. Hadi hapo, hakuna tarehe.

Hapa Reynoldsburg, wifi. Maji makubwa ninayoyajua mimi ni dimbwi lililo nyuma ya maegesho yetu, na lina bata tu.

Ange akajifungia chumbani. Tangu siku ile, baba yake akimsemesha Kiswahili anajibiwa Kiingereza, neno moja au mawili, kisha mlango. Jovini alijitia hamnazo, lakini nilimwona anavyoutazama ule mlango.

Sasa sikia. Kule ghalani anakofanya kazi Jovini walichezesha bahati nasibu, na nani akashinda safari ya watu wawili kwenda Kostarika, pwani ya Pasifiki, kuvua samaki kwa burudani? Kaka yako. Watu wanampigia makofi, yeye amesimama kama aliyefiwa, maana kisingizio chake kimekufa pale pale. Nikasema mimi maji nayaogopa, nenda na Gaël. Alipofungua mdomo kukataa, Gaël alikuwa keshaomba likizo.

Waliambiwa wachague wenyewe siku za kwenda. Maelezo yalikuwa wazi hata kwangu: kuanzia Desemba hadi Aprili kule ni kiangazi, bahari imetulia, na samaki wakubwa wanakuwa wengi. Septemba na Oktoba ni mvua tupu, mito inashusha tope na magogo hadi baharini. Jovini hakusoma. Aliuliza jambo moja tu, mwezi. Samaki, alisema, anavuliwa gizani, kwa taa, mwezi usipokuwepo. Akachagua siku zenye giza kuliko zote za Oktoba. Mwenzake kazini alipomwonya kuhusu mvua akamjibu kwamba samaki yuko majini tayari, mvua itamfanya nini.

Wewe ndiye unayejua kwamba kaka yako aliondoka ziwani akiwa mtoto wa kuogeshwa. Kambini Kibondo maji tuliyapangia foleni na ndoo. Uvuvi wake wote ni ile taa ya baba yenu, ambayo aliitazama kutoka ufukweni akiwa mgongoni kwako. Lakini nani atamwambia?

Akanunua taa kubwa ya kuchaji, akanunua na friza, ile ya kulala, tukaiweka sebuleni kwa sababu jikoni haikuingia. Kanisani akatangaza kwamba watu wajiandae.

Haya mengine nimeyapata kwa Gaël, kwa kumbana. Jioni waliyofika, Jovini alivaa koti la baridi, akabeba taa yake, akaenda kusimama gatini kusubiri boti. Mvua inanyesha. Nahodha yuko kwake anakula. Gaël alijua tangu Louisville kwamba boti zile zinatoka alfajiri na hazitumii taa, alishasoma yote kwenye simu. Lakini mkwe mtarajiwa hamsahihishi baba wa mchumba wake. Akakaa naye palepale, akamshikia mwavuli, hadi mlinzi akaja kuwaambia warudi wakalale. Mlinzi alicheka. Gaël hakucheka, na hilo likumbuke.

Asubuhi nahodha akawaeleza hali ya bahari. Karibu na pwani maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo waende mbali yanapoanza kuwa ya buluu. Wale wakubwa wenye pezi kama tanga mgongoni msimu wao bado, labda wabahatishe. Watafute gogo linaloelea, maana mvua ikisukuma magogo nje, samaki aitwaye dorado anajificha chini yake, na huyo analiwa. Na lazima warudi mapema, mchana radi zinaanza. Siku ya kwanza Jovini hakuvua kitu. Alitapika tu, hadi nahodha akamhurumia.

Siku ya pili wakaona gogo. Ndoana ikavutwa, wote wakasema dorado. Kumbe si yeye. Likaruka lile lenye tanga, la buluu, refu kumpita Jovini, mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Nje ya msimu, wifi, na kwenye fimbo ya mtu aliyeuliza mwezi. Akavutana nalo, Gaël amemshika mkanda kwa nyuma asiende nalo. Lilipofika ubavuni mwa boti, Jovini alivua koti amfunike samaki asiteleze.

Nahodha akatoa koleo, akang'oa ndoana, akamwacha samaki.

Jovini alitaka kuruka. Alipiga kelele kwamba huyo ni wa wakwe zake. Gaël akamkumbatia: "Papa, huyu banamushikaka tu, kisha banamuacha aende. Donc, ni sheria ya huku." Kaka yako akakaa chini, akamtazama nahodha.

Alirudi na taa yake. Friza inanguruma sebuleni, ndani hamna hata barafu. Mimi nikahesabu: samaki hakuna, tarehe hakuna, mtoto wangu atazeekea nyuma ya ule mlango. Nikamwambia tununue samaki, tumtie kwenye friza, nani atajua? Akakataa.

Jumapili iliyopita Gaël alikuja kula. Ange akakaa mbali na baba yake. Tukiwa katikati ya ugali Jovini akaweka tonge chini, akaanza kusema kama mtu anayejisemea. Nahodha hakumtupa yule samaki, alisema. Alimshika mdomo, boti ikatembea polepole, akawa anatembea naye majini. Jovini akamuuliza, kama unamwacha, si umwache tu? Nahodha akamjibu kwamba ukimwachia akiwa bado amechoka atazama. Unamshika hadi avute mwenyewe. Akianza kuvuta, hapo unafungua mkono.

Akamtazama Ange.

"Huyu anavuta siku nyingi," akasema. "Mimi ndiye sijafungua mkono. Na kijana aliyekaa na mimi mvuani na taa yangu asinicheke, sina la kumnyima. Halafu mimi niliapa kumshika samaki. Sikusema nitamleta."

Nilisubiri Kiingereza. Ange aliinuka, akamnawisha baba yake mikono pale pale kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akasema, "Asante, baba." Kwa Kiswahili, wifi. Nilikwenda jikoni kulia.

Basi mahari ni Jumamosi tarehe 17 Januari, na bila wewe, shangazi wa binti, hakuna kitu. Ondoka mapema kabla theluji haijawafungia barabara, na utuletee mikeke wakavu kutoka dukani kwako, walio na vichwa, uijaze hii friza. Jovini amekubali, ilimradi watoke kwa dada yake.

Nisalimie mumeo na watoto, na mama mchungaji wenu. Ange na Gaël wanakuamkia. Bwana akulindie goti hilo na akufikishe salama mlangoni petu.

Ni mimi wifi yako anayekupenda hata ukiwa na spika,

Adolphine

N.B. Jovini anasema tarehe ameichagua kwa sababu ukumbi ulikuwa wazi. Nimeangalia kalenda. Usiku ule hakuna mwezi.